Jina Riziki: ni la nani, limetoka wapi, na mbona Lamu hulisikii sana?

Mkaazi_Langoni aliuliza:

Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Kuna mtoto anatarajiwa hapa Lamu na jina lililopendekezwa ni Riziki, awe wa kiume au wa kike. Upande wa mama ni wa Malindi na huko hakuna aliyeshtuka. Upande wa Lamu yamezuka maneno matatu: kwamba ni jina la kike, kwamba lina karaha katika dini, na mzee mmoja amesema tu "si jina la kwetu" bila kueleza. Naomba wenye ilimu ya majina mnifafanulie asili yake, limeenea kiasi gani kwa wanaume na wanawake, na kwenye makaratasi mtu ajihadhari na nini. Kuambiwa "jina zuri, liteni tu" hakutanisaidia mbele ya wazee. Nataka sababu.

Mwanasarufi (Malindi):

Wa aleikum salaam. Nianze na jinsia, maana hapo jibu liko wazi. Majina yetu mengi yenye asili ya Kiarabu ni maneno ya sifa: Rashidi na Rashida, Saidi na Saida, Latifu na Latifa. Sifa katika Kiarabu humfuata anayesifiwa, ndiyo maana msichana haitwi Rashidi. Kuna majina mengine ambayo ni kitu chenyewe: nuru, imani, baraka, heri, riziki. Hayo hayabadiliki. Uchukue mzizi huo huo wa riziki uone: aliyeruzukiwa akiwa mume ni Marzuku, akiwa mke ni Marzuka, lakini kile alichoruzukiwa ni riziki tu. Kiswahili nacho hakikuongeza kitu, kwa kuwa hakina kiambishi cha uke wala uume. "Riziki amekuja" yatosha kwa wote wawili.

Desturi ndiyo huyavuta majina haya upande mmoja. Baraka, kwa Kenya ya leo, utadhani liliumbwa kwa wavulana, na hali Ummu Ayman aliyemlea Mtume (s.a.w.) jina lake lilikuwa Baraka. Zawadi limeelemea wasichana. Riziki limebaki katikati kuliko mengi. Mtazame jirani: Riziki Pembe Juma, aliyekuwa Waziri wa Elimu Zanzibar, ni mwanamke, Profesa Riziki Shemdoe, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa) upande wa Tanzania bara, ni mwanamume.

Asili yake ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Waarabu walilipata kwa Waajemi. Katika Kiajemi cha kabla ya Uislamu *rozig* ni posho ya kutwa, kutokana na *roz*, siku. Na hadi leo Muajemi huiita riziki *ruzi*. Kiarabu kikalifanya *rizq*, na kinywa cha Mswahili, kisichopenda konsonanti mbili kugandana, kikaingiza irabu pawe riziki. Kwa njia hiyo hiyo ya Kiarabu limefika Indonesia likawa Rizki au Rizky. Rizki Juniansyah, aliyetwaa dhahabu ya kunyanyua uzani katika Olimpiki za Paris 2024, ana jina hili hili.

Kuhusu kuenea, nakushauri uhesabu mwenyewe, kwa sababu mtaa wa Langoni hapo Lamu si Shela ya Malindi. Mwombe mwalimu wa madrasa akuhesabie katika madaftari yake ya miaka kadhaa. Ahesabu maandiko yote, yaani Riziki, Rizki, Rizik na Riziqi, la sivyo atapata nusu. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, atenge waliobeba jina hilo mwanzo na waliolibeba katikati au mwisho. Jina la pili na la tatu kwetu ni la baba na la babu. Kwa hiyo kila "Fatma Riziki" au "Athman Omar Riziki" atakayemkuta ni ushahidi wa Riziki mwanamume, tena wa kizazi cha nyuma. Ukiangalia majina ya kwanza peke yake utaona wasichana wa leo, useme ni la kike. Huenda jamaa zako wamefanya hivyo bila kujua.

Kitabu_Mkononi (Lamu, Mkomani):

Ndugu yangu, hiyo karaha ina asili, wala usimdharau aliyeitaja. Imo katika Sahih Muslim, kitabu cha adabu. Samura bin Jundub amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumwita kijana Yasar, Rabah, Najih au Aflah, na sababu ikatajwa papo hapo: utauliza "yupo hapo?", na ikiwa hayupo utajibiwa "hapana". Yaani mtu aulize faida, au kufaulu, aambiwe hakuna. Riziki halikutajwa, lakini waliolipima kwa kipimo hicho wameona linaingia: "Riziki yuko nyumbani?" "Hayuko."

Sasa isome na ya pili, maana ziko ukurasa kwa ukurasa. Jabir bin Abdillah amesema Mtume alitaka kukataza majina ya Yaala, Baraka, Aflah, Yasar, Nafii na mfano wake, kisha akanyamaza, akafariki bila kuyakataza. Na Sayyidna Umar naye alitaka kuyakataza, kisha akaacha. Imam Nawawi, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafii, ameyaweka kwenye makuruhu ya kuepusha, hayafiki haramu. Anayeliacha ana sababu. Anayelitumia hana dhambi. Nafii, mtumwa aliyeachwa huru na Ibn Umar, aliyepokelewa hadithi na Imam Malik, aliishi na jina lake mpaka mwisho.

Kuna kosa jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Wengine hudhani Riziki ni jina la Mwenyezi Mungu. La. Jina Lake ni Ar-Razzaq (Adh-Dhariyat, aya ya 58), na mtu huitwa Abdulrazak, mja wa Mwenye kuruzuku. Riziki ni kile kinachotolewa. Ukimwita mtoto Riziki hujagusa jina la Mola. Ukimwita "Razak" peke yake kwa kufupisha, hapo ndipo pa kuchunga.

Na ukitaka la kuwaambia wazee, wasomee Al-Israa, aya ya 31: watoto wasiuawe kwa kuogopa ufukara, "Sisi tunawaruzuku wao na nyinyi." Mtoto na riziki vimetajwa pamoja katika aya moja. Hilo mimi naliona ni jibu zito kuliko hoja yoyote ya desturi.

Jalada_la_Pwani:

Nitalisema lile ambalo mzee hakulimaliza, kwa heshima yake. "Si jina la kwetu" Lamu lina historia. Karne ya 19 waungwana wa mji walirithishana majina ya mitume, ya masahaba na ya mababu. Waliotekwa bara wakaletwa pwani walinyang'anywa majina yao wakapewa ya kheri, ya siku au ya vito: Baraka, Mabruki, Faraji, Feruzi, Almasi. Mfano unaojulikana sana ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa akiwa mtoto, kisha akawa kiongozi wa misafara ya wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, kuanzia 1857. Riziki liko katika ukoo huo wa majina, na sikio la mzee bado linakumbuka.

Malindi hali ni nyingine, ingawa huko ndiko mashamba yalikokuwa makubwa. Mji ulifufuliwa chini ya Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1861 kwa kilimo cha mtama na ufuta, kwa nguvu za watumwa. Sheria ilipouondoa utumwa pwani mwaka 1907, watu walibaki palepale, wakaoana, wakachanganyika na Wagiriama na wengine. Jina likapoteza alama yake. Leo utamkuta Riziki Mwislamu na Riziki Mkristo kwenye benchi moja la darasa.

Jambo jingine la Malindi ni kwamba Kigiriama hakimtenganishi mwana wa kiume na wa kike katika kiungo cha jina. Mekatilili wa Menza alikuwa mwanamke, Wanje wa Mwadorikola aliyekula naye kiapo cha kuwapinga Waingereza mwaka 1913 alikuwa mwanamume, na wote ni "wa". Familia iliyozoea hivyo haishtuliwi na jina lisilosema jinsia. Lamu tumezoea bin na binti, kwa hiyo sikio linataka kuambiwa mapema.

Msimamo wangu ni huu: aibu ya utumwa ni ya aliyefunga minyororo. Aliyeitwa Riziki akiwa amefungwa hakukosa lolote, na jina alilolibeba kwa subira halifai kutupwa kwa ajili ya fahari ya mtu mwingine.

Karani_Mstaafu:

Mengine yamesemwa. Mimi nakuja kwenye makaratasi, maana hapo ndipo jina lisilo na jinsia huleta taabu ya kweli.

Karatasi ya kwanza ni taarifa ya kizazi. Akizaliwa hospitali hujazwa huko. Akizaliwa nyumbani hujazwa kwa naibu wa chifu. Mkunga huwa amemwona mtoto, kwa hiyo jinsia hapo mara nyingi ni sahihi. Kosa huja baadaye, pale mtu mwingine anaponakili akiwa na jina tu mbele yake na kukisia. Basi kila hatua, kabla hujatia saini, soma kisanduku cha jinsia kwanza, ndipo usome majina: kitabu cha kliniki, taarifa ya kizazi, ombi la cheti kwenye eCitizen, na cheti chenyewe unapokabidhiwa. Ukiona kosa palepale ni dakika tano. Ukiliona akiwa darasa la nne, shule imeshaingiza taarifa za cheti kwenye mfumo, na utasahihisha sehemu mbili. Utahitaji hati ya kiapo na ile karatasi ya awali ya hospitali, kwa hiyo nakala yake usiitupe kamwe.

Sajili ndani ya miezi 6. Ikipita hapo ni usajili wa kuchelewa wenye ushahidi zaidi. Na kama familia haijakubaliana juu ya jina, sheria ya vizazi na vifo, sura ya 149, inamruhusu mzazi kusajili jina au kulibadili ndani ya miaka 2 tangu kusajiliwa, kwa kulipa ada. Baada ya hapo ni hati rasmi ya kubadili jina na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mna nafasi ya kutulia, msigombane siku ya akika.

Tahajia ni moja tu: R-I-Z-I-K-I. Ukimwachia mwalimu wa madrasa aandike Riziqi na hospitali Rizki, kitambulisho cha miaka 18 kitakataa kulingana na cheti.

Sasa bin na binti. Ofisi za serikali huviacha mara nyingi, na ukivilazimisha kwenye cheti, pasipoti yaweza kuja bila hivyo, majina yakatofautiana. Ushauri wangu ni msiviandike kwenye cheti. Lakini kwenye karatasi za kadhi, wasia na wakfu, viandikeni kila mara, pamoja na namba ya kitambulisho. Fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la mtoto wa kike. Orodha ya warithi inayosema "Riziki Omar" bila zaidi, miaka 40 baadaye wakati waliomjua hawapo, ni kesi iliyokwisha kuanza. Hapo neno moja la "binti" laokoa nyumba nzima.

Mkaazi_Langoni:

Allah awalipe kheri nyote. Swali moja la mwisho: bibi yake amependekeza tukipata msichana tumwite Mwanariziki ili kila mtu ajue. Inafaa?

Mwanasarufi (Malindi):

Bibi anaijua lugha yake. Ndiyo njia ya kale ya pwani: Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi, yote yamejengwa juu ya jina la kiume au la kati kwa kutanguliza Mwana. Kwa wanaume ni Bwana au Mwinyi. Heri lilikwenda njia zote mbili: kuna Mwanaheri, na kuna Bwana Heri wa Saadani aliyepigana na Wajerumani mwaka 1889. Kwa hiyo Mwanariziki ni Kiswahili safi hata kama hulisikii mtaani.

Mnalopoteza ni lile mlilolitaka mwanzo, jina moja kwa yeyote atakayekuja. Na mkilichagua, liandikeni neno moja. "Mwana Riziki" kwa maneno mawili, karani atamsajili kwa jina Mwana, Riziki atadhani ni baba yake.

Kitabu_Mkononi (Lamu, Mkomani):

Naongeza kidogo. Mwanariziki linapunguza hata lile neno la karaha, kwani anayeuliza "Mwanariziki yupo?" hakuuliza riziki yenyewe. Kama bibi na mzee wanaweza kukutana hapo, msiliache. Akizaliwa mvulana, abaki Riziki, na siku ya saba mchinjieni mbuzi wawili.