Kondomu ya kike: wateja hawaitaki, au sisi wahudumu ndio hatuitaki?

Mtoa mada (muuguzi, uzazi wa mpango): Wakuu, tujadili hili bila kuoneana haya. Mtu akiuliza kwa nini boksi la kondomu za kike halipungui, jibu la wahudumu ni lile lile: "Wateja hawazitaki." Mimi nasema wengi hawajawahi kuulizwa. Sindano tunaeleza, kijiti tunaeleza hadi mahali kinapokaa mkononi. Tukifika kwenye kondomu ya kike, mhudumu anainua pakiti, anacheka kidogo, anasema "na hii pia ipo", anairudisha kwenye droo. Mteja ana macho, keshajua kwamba wewe mwenyewe huiamini. Mwisho wa mwezi tunaandika sifuri kwenye ripoti.

Na akiiomba mke wa mtu, ndiyo balaa: "Ya nini, mama, wewe si una mumeo?" Kana kwamba ndoa ni chanjo ya VVU.

Mfamasia: Naunga mkono nusu. Si kila anayeiweka nyuma ana aibu, wengine tunasoma takwimu. Kwa matumizi ya kawaida ya kondomu ya kike, wanawake 21 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja. Kondomu ya kiume ni 13. Bei nayo iko juu zaidi. Nimwambie mteja kwamba zinalingana?

Mtoa mada: Usimwambie zinalingana. Ila malizia hiyo takwimu, mkuu: wanaoitumia kwa usahihi kila mara, ni 5 kati ya 100. Kutoka 5 hadi 21 hapo katikati kuna kazi yetu ambayo hatujaifanya. Halafu unailinganisha na kondomu ya mwanaume aliyekubali kuvaa. Yule mama ambaye mwenzake hataki kabisa kuvaa, mlinganishie na kutotumia chochote.

Mkunga: Hapo kwenye kazi yetu ndipo penyewe. Wapo wahudumu waliopita vyuo vyote bila kuishika mkononi. Muulize aoneshe kwenye modeli ya nyonga, anaanza kubahatisha kwa kusukuma pete ya ndani, ile inayotangulia kuingia ukeni, bila kuibana. Ibane pande mbili hadi iwe kama namba nane, isukume kwa kidole ivuke mfupa wa kinena, pete ya nje ibaki nje. Kisha mwambie mteja aushike uume na kuuelekeza ndani ya kondomu, maana ukipita pembeni, kati ya kondomu na ukuta wa uke, hakuna kinga hapo. Na asiitumie pamoja na ya kiume. Anayejaribu mara kadhaa huzoea, matatizo hupungua sana.

Jambo jingine, kuna wenzetu bado wanasimulia ile kelele ya mfuko wa plastiki. Hiyo ni kondomu ya kike ya zamani, ya poliyurethani (aina ya plastiki), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993. Toleo lililofuata, FC2 ya nitrili (mpira wa kutengenezwa kiwandani), liliidhinishwa huko 2009, ni laini na haina makelele yale. Miaka yote hiyo na stori haijabadilika!

Daktari: Naomba kuongeza neno ambalo watetezi hawalipendi. Tuache kuinadi kuwa ni ya siri. Pete ya nje inaonekana na kushikika. Mwanamke mwenye mume mkali, ukimpa kwa ahadi hiyo, akigundulika atapigwa yeye, wewe hupo.

Mtoa mada: Kweli kabisa, daktari. Inachosaidia ni mazungumzo: mwanaume havai kitu, na mwanamke anaweza kuivaa hata muda wa saa 8 kabla ya tendo, kwa hiyo hakuna kukatishana. Mume mkali ni suala la kumuuliza mteja kwanza kuhusu usalama wake nyumbani. Nalo tunaliruka.

Mfamasia: Haya, nimewaelewa. Lakini foleni imefika mlangoni na mhudumu yuko peke yake. Muda wa kumwonesha kila mmoja modeli mnautoa wapi?

Mkunga: Elimu ya afya ya asubuhi, kabla ya kuanza kuita majina. Modeli moja, wote wanaona, pakiti inazungushwa waishike. Mwenye swali la faragha analileta chumbani. Wanaume walioambatana na wake zao wasitolewe nje.

Mfamasia: Ya asubuhi nakubali. Ya bei bado hamjanijibu.