Mjadala: Methadoni ya Pwani ilipiwe na kaunti au na serikali kuu?

Mtaka Hesabu
Naweka mada mezani. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Baadaye ruhusa maalumu ikatolewa kwa huduma za kuokoa maisha, lakini wiki zile zilitosha kutuonyesha nani hasa alikuwa anagharimia methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya unga. Kliniki ya kwanza nchini Kenya ilifunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi ikafuata 2015, kisha Kisauni, Kombani, Lamu na kwingineko. Majengo ni ya umma na wauguzi wengine wako kwenye mshahara wa kaunti, ila waelimishaji rika, mafuta ya gari na sehemu kubwa ya vipimo vilikuwa vya mradi wa misaada hiyo. Mradi ukiyumba, kliniki inabaki na dirisha na mtu mmoja wa kupimia dawa.

Msimamo wangu: kaunti zilipe. Katiba, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, aya ya 2 imezipa huduma za afya, na aya ya 13 imezipa udhibiti wa dawa za kulevya. Anayesema si kazi ya kaunti alete kifungu.

Mlipa Ushuru wa Likoni
Kifungu unacho, pesa huna. Mgao wa kaunti zote 47 kwa mwaka 2025/26 ni shilingi bilioni 415, na kila mwaka tunasikia umechelewa. Mama mjamzito anafika hospitali anaandikiwa akanunue glavu na uzi wa kushonea. Mgonjwa wa kisukari anajinunulia insulini. Halafu mtu aliyekwenda maskani (kijiwe cha wala unga) kwa miguu yake apewe dozi bure kila siku, mwaka baada ya mwaka? Na mwisho wake lini? Mnamtoa kwenye unga wa mtaani mnamtia kwenye unga wa serikali, basi.

Mfamasia
Ndugu yangu wa Likoni, hoja ya glavu ni ya haki kabisa. Hiyo ya "unga wa serikali" siyo.

Heroini inamshika mtu saa chache tu, ndiyo maana teja anatafuta kete mara tatu, nne kwa siku, na pesa ya hizo kete inatoka kwenye simu na mabati ya watu. Methadoni hunywewa mara moja na hukaa mwilini saa 24 na zaidi. Haimleweshi aliyekwisha kuizoea. Inazuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, anaweza kwenda kazini. Kiwango kinachofanya kazi kwa wengi ni kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Hapo ndipo watu hubana matumizi mahali pasipofaa. Msimamizi akiona stoo inapungua anawateremsha wote hadi 40 ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Matokeo yake mteja anakunywa dozi asubuhi, jioni anadunga. Umelipa kliniki na bado umemwacha maskani.

Hesabu ya kiasi, kwa mfano tu: kliniki yenye wateja 400, wastani wa miligramu 80 kila mmoja. Ni gramu 32 kwa siku, kama kilo 11.7 kwa mwaka. Kwa myeyusho wa miligramu 5 kwa mililita, kila mteja anakunywa mililita 16, na kliniki nzima inatumia takriban lita 2,336 kwa mwaka. Dawa ya aina hii inataka kabati la chuma, daftari la kila mililita, na watu wawili wa kutia saini. Bei ya dawa siyo inayowatisha wanaoijua kazi hii. Kinachokula pesa ni watu wa kuifungua kliniki siku 365, Idi na Krismasi zikiwemo.

Karani wa Bajeti
Hapo kwenye "watu wa kuifungua" ndipo kaunti zinapokwama, na si kwa roho mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 107, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo kwa kipindi cha kati. Kanuni zake zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Sasa angalia: muuguzi wa methadoni ni mshahara. Dawa, mafuta na chakula cha wodi ni matumizi ya kawaida. Jengo la kurekebishia tabia, lenye vitanda 50 na ukuta, ni maendeleo. Jengo linakusaidia kufikisha 30 yako. Muuguzi anakusogeza kwenye 35 yako. Ndiyo maana gavana na wawakilishi wadi wako tayari kukata utepe wa jengo, na kliniki inayohudumia watu mia nne inakosa karani wa faili.

Kwa hiyo mkienda kudai, msidai "fedha za kupambana na mihadarati". Neno hilo litageuzwa kuwa matofali. Daini programu ndogo yenye jina lake ndani ya idara ya afya, na ndani yake mistari mitatu: watumishi, usambazaji na uendeshaji, ufuatiliaji wa wateja mtaani.

Ustadh wa Mtaani
Mimi siko na nyinyi wote wawili. Jengo si tatizo. Wazazi huku wanataka kijana atolewe kwenye mtaa, akae siku 90, asafishwe, asali, afundishwe ufundi. Methadoni anakwenda anakunywa, anarudi kijiweni palepale, na wenzake walewale. Serikali ilipie kambi, watoto watoke safi kabisa, bila dawa yoyote.

Mfamasia
Ustadh, kambi ina watu wake, na kumtoa kijana kijiweni kuna maana. Lakini iwe wazi anatoka na nini. Arosto ya heroini huanza baada ya saa 8 hadi 12, inakuwa kali siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi imetulia ndani ya wiki moja au kidogo zaidi. Kwa hiyo siku 90 zinatosha sana kuondoa unga mwilini. Zinaondoa na kitu kingine: ustahimilivu. Kile kiasi alichokuwa akidunga bila shida kabla ya kuingia, sasa kinaweza kuzima pumzi yake. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka kambini au jela ndizo za hatari kubwa kuliko zote. Kambi inayomtoa mtu bila methadoni, bila naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa) mikononi mwa familia, na bila mtu wa kumfuatilia, inamrudisha nyumbani akiwa kwenye hatari kuliko alivyoingia.

Nakubaliana nawe jambo moja: kliniki isiyo na mshauri nasaha wala kazi ya kumshika mteja mchana inafanya nusu ya kazi.

Mlipa Ushuru wa Likoni
Sawa, nimekusikia kuhusu dozi. Lakini hujajibu: kwa nini kaunti? Serikali kuu ina wizara, ina KEMSA ya kusambaza dawa, ina NACADA ya kupambana na ulevi na mihadarati, ina bandari na pwani inayopaswa kulindwa. Heroini haikulimwa Kwale. Inatoka Afghanistan, inashuka Makran, pwani ya Iran na Pakistan, inaingia kwa majahazi. Ulinzi wa bahari si wa gavana. Aliyeshindwa kufunga mlango ndiye alipe.

Karani wa Bajeti
Hoja nzuri kuliko ya kwanza. Na kwenye kununua dawa uko sahihi hata kisheria. Methadoni iko chini ya Mkataba wa Dawa za Kulevya wa 1961. Nchi inapeleka makadirio yake ya mwaka unaofuata Vienna, kwenye Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, kabla ya 30 Juni. Kila shehena inahitaji kibali cha kuingiza cha kwetu na kibali cha kutoa cha kule inakotoka. Kaunti haiwezi kuamka ikaagiza lita 2,000. Kaunti sita za Pwani zikiagiza kila moja kivyake ni vurugu, na nchi nzima haiwezi kupita kiasi kilichokadiriwa bila kupeleka makadirio ya nyongeza.

Kwa hiyo mgawanyo unaonekana wenyewe: serikali kuu inanunua na kuleta, kaunti inaendesha. Shida ni pale kila mmoja anapomtazama mwenzake. Mkataba wa afya uliotiwa saini na Marekani Desemba 2025 unataja hadi dola bilioni 1.6 kutoka kwao kwa miaka mitano, na Kenya kuongeza dola milioni 850 za kwake. Sijaona popote inaposemwa ni ngapi kati ya hizo za kwetu zitashuka kwenye kaunti kulipia dirisha la methadoni. Zisipowekewa masharti, zitamezwa huko juu.

Mfuatiliaji wa Maskani
Mnajadili dozi na jengo, mnasahau barabara. Mteja wa Lunga Lunga kufika Kombani ni nauli ya kwenda na kurudi kila siku, Jumapili ndani yake. Akikosa siku moja au mbili anaendelea. Akikosa tatu, kiwango kinapitiwa upya. Akipita tano mfululizo, miongozo mingi inataka aanze karibu na mwanzo, miligramu 30 au chini, akipandishwa 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa. Yaani nauli ikikatika wiki moja, mteja anapoteza mwezi mzima wa kupanda. Wengi hawarudi.

Na mipaka ya kaunti haimtambui mteja. Mtwapa iko Kilifi, lakini kwa mtu wa Mtwapa Kisauni ni karibu kuliko Malindi. Mombasa ikianza kulipa kwa pesa zake, siku moja mtu wa bajeti atauliza kwa nini tunawanywesha watu wa Kilifi. Kabla hamjaanza kudai fungu, kaunti zikubaliane jinsi ya kulipana: idadi ya dozi zilizotolewa kwa wakazi wa kila kaunti, hesabu ya kila robo mwaka. Daftari la dirishani tayari linayo.

Dozi za kubeba nyumbani ziliruhusiwa kwa baadhi ya wateja wakati wa Korona, 2020. Kwa aliyetulia miezi kadhaa, dozi mbili tatu za kubeba ni nafuu kuliko nauli yoyote. Sharti ni chupa yenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, kwa sababu dozi ya mtu mzima aliyezoea inamuua mtoto.

Mfamasia
Hiyo ya mtoto iandikwe ukutani.

Nami naongeza kinachosahaulika kwenye bajeti: kifua kikuu na VVU. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, inalifanya ini liichome methadoni haraka. Ndani ya wiki moja au mbili mteja aliyetulia kwa 80 anaamka na arosto ilhali amekunywa dozi kamili. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, hufanya hivyo hivyo. Muuguzi asiyejua anadhani anaongopa ili aongezewe. Mteja anaacha dawa za kifua kikuu kwa sababu ameona ndizo zinazomtesa, na sasa ana vijidudu sugu kwa mtaa mzima. Dawa yake ni kupandisha dozi hatua kwa hatua, na, hapa ndipo watu hufia, kuishusha tena akimaliza rifampisini, maana ini linarudi polepole na dozi ile kubwa inageuka sumu. Hilo linataka tabibu aliyefunzwa na kliniki mbili zinazozungumza. Jengo la vitanda 50 halileti hilo.

Jirani wa Tanga
Salamu kutoka ng'ambo ya Horohoro. Huku kwetu kliniki ilianza Muhimbili Februari 2011, ikaenea Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kwa sheria ya 2015, inashika ukamataji na uratibu wa tiba chini ya paa moja. Uzuri wake, halmashauri haziburuzani nani alipe. Ubaya wake, mteja anayeogopa pingu anamwogopa na mratibu wa tiba. Na nyumba za upataji nafuu nyingi ni za watu binafsi, familia ndiyo inayotoa ada. Msidhani kuhamishia kila kitu juu kunamaliza ugomvi.

Ustadh wa Mtaani
Na kinga je? Mtoto wa darasa la saba hajaanza bado. Tupelekeeni pesa shuleni na madrasa.

Mfuatiliaji wa Maskani
Pesa za shule sizipingi, Ustadh, ila si za kumleta polisi siku moja aonyeshe picha za kutisha. Viwango vya kimataifa vya UNODC (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu) na WHO (Shirika la Afya Duniani), toleo la 2018, vinasema wazi mihadhara ya vitisho haina matokeo. Kinachosaidia ni vipindi vya mfululizo vya stadi za maisha, mwalimu aliyefunzwa, na malezi nyumbani.

Kinga ya pili ni sindano safi. WHO inataka angalau 200 kwa kila anayejidunga kwa mwaka, lengo la 2030 likiwa 300. Ya tatu ni naloksoni: ampuli ya miligramu 0.4, inadungwa msulini, pumzi inarudi ndani ya dakika chache. Haidumu, dakika 30 hadi 90, kwa hiyo aliyezidiwa na methadoni hapelekwi nyumbani, analazwa na kuangaliwa. Tangu 2014 WHO imependekeza watu wa maskani wenyewe na jamaa zao waruhusiwe kuwa nayo.

Mlipa Ushuru wa Likoni
Naloksoni naunga mkono, ni ya kuokoa roho. Nauli na dozi za kubeba, nitafikiria. Methadoni ya kudumu kwa pesa za kaunti bado naipinga, mpaka nione mstari wa glavu za wajawazito umejazwa kwanza.

Karani wa Bajeti
Basi andika hivyo hivyo, kaka, na mistari yote miwili. Kila mwaka Waraka wa Mkakati wa Fedha unafika bunge la kaunti kabla ya 28 Februari, na humo ndimo dari, yaani kikomo cha matumizi, ya idara ya afya inapowekwa. Makadirio yanafika kabla ya 30 Aprili. Wanaokuja Mei na mabango wanakuta dari imeshafungwa. Kuongeza shilingi kwenye afya ni kuitoa idara nyingine, na wizara ya kaunti inayopokonywa haikosi mwakilishi wa kuitetea. Maoni yawe ya maandishi, yataje programu, kiasi, na mstari unaopunguzwa. Barua isiyosema itoe wapi huwekwa kwenye faili la shukrani.