Ukiokota kanda isiyo na jina, una haki ya kuirusha mtandaoni?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni.

Wiki hii imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp sauti ya mwanamume anayeimba peke yake na kinanda kidogo, zile Casio za mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar. Kinanda kinakwenda kwake, yeye anakwenda kwake. Analalamikia bei ya sukari, anamsema shemeji yake, katikati anacheka, kisha anarudi kwenye sukari kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliyeirusha ni kijana aliyenunua boksi la kaseti kwa wauza mitumba pale soko la Karume. Kaseti yenyewe haina kava wala jina. Watu wamevunjika mbavu, wengine wameshaitengenezea video za utani. Wachache, mimi nikiwemo, tunairudia kwa sababu nyingine: yule bwana ana kitu. Pale anapotoka nje ya mdundo anatoka palepale kila ubeti. Mtu anayekosea hakosei kwa mpangilio namna ile.

Swali langu: ilikuwa halali kuirusha?

Huko nje mambo haya yana wenyewe. Marekani kuna watu wanaotumia maisha yao kuchimbua rekodi za ajabu ambazo hakuna redio ingezipiga. Mtangazaji mmoja, Irwin Chusid, mwaka 2000 alitoa kitabu kizima kuhusu wanamuziki wa aina hiyo. Mfano wao mkubwa ni The Shaggs, madada wa familia moja ya New Hampshire waliorekodi santuri mwaka 1969, gitaa na ngoma zikiwa hazijuani. Santuri ikasahaulika, ikatolewa upya 1980, na hadi leo wapo wanaowasujudia na wapo wanaowacheka. Mara nyingi ni mtu huyohuyo anafanya yote mawili.

Msimamo wangu: kaseti isiyo na jina inakiliwe haraka, lakini isirushwe nzima kabla mwenyewe hajatafutwa. Rusha sekunde thelathini, uliza nani anamfahamu. Dar hii mtu hapotei hivihivi, hasa mwenye shemeji.

Nawasilisha.

Kinanda Kibovu

Mkuu ungeweka na sauti yenyewe. Wengine hatumo kwenye hayo magrupu.

Mtoa mada

Ningeiweka ningekuwa najipinga mwenyewe.

Fundi wa Buguruni

Ninyi mnabishana haki, mimi naongelea ukungu.

Nimetengeneza redio kaseti tangu zilipokuwa ndizo redio. Utepe wa kaseti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Joto na unyevu wa Dar vinaimaliza ile gundi. Ukiona weupe kama vumbi kwenye mzingo wa utepe, ule ni ukungu, na ukiicheza hivyohivyo unachafua hedi, kile kichuma kinachosoma utepe, halafu hedi inachafua kaseti inayofuata. Kuna kale kasponji kadogo kanakousukuma utepe kwenye hedi. Kakibanduka sauti inafifia, watu wanadhani mwimbaji alisimama mbali na maiki. Kaseti za skrubu ni rahisi kufungua na kuhamishia utepe kwenye ganda jipya. Zile zilizogandishwa lazima uzipasue kwa kisu, na mkono ukitetemeka kwaheri.

Sasa kitu ambacho wachekaji hawakijui. Betri zikiwa zinaisha wakati wa kurekodi, utepe unapita polepole. Ukija kuicheza kwenye deki nzima, sauti inakuwa nyembamba na inakimbia. Mkanda wa mota ukilegea, sauti inayumba kama mlevi wa Jumamosi. Kwa hiyo nusu ya huo uajabu mnaousikia huenda si wa mwimbaji, ni wa betri. Kabla hujasema mtu hajui kuimba, rekebisha spidi kwanza.

Kuhusu mada: nakili leo, bishaneni kesho.

Mtoto wa Mburahati

Fundi umetisha.

Ila mtoa mada mimi nakupinga. Muziki wote wa huku kwetu ulianza kwa kuchekwa. Mchiriku uliitwa wa wahuni, vinanda vya watoto vimeunganishwa kwenye spika za kuokoteza, redio haziugusi. Leo Jagwa Music, bendi ya mchiriku, wana albamu iliyotolewa na kampuni ya Ubelgiji tangu 2012. Ikaja singeli, wakasema kelele, wakasema ya vigodoro, zile sherehe za usiku mtaani. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, kampuni ya muziki ya Kampala, wakatoa mkusanyiko wa Sisso Studios, studio ya hapahapa Mburahati, na Wazungu wakaanza kuruka kwa midundo zaidi ya mia mbili kwa dakika. Watu wa Masaki wakausikia muziki wa Mburahati ukitokea Uganda!

Sasa ingekuwa ni kusubiri kibali na heshima, tungekuwa tunausubiri mpaka leo. Kaseti irushwe, atakayecheka acheke, atakayeelewa ataelewa. Huyo bwana wa sukari hakuna redio ingempa hata dakika moja.

Mtoa mada

Mtoto wa Mburahati, mfano wako unanisaidia mimi. Sisso, Jay Mitta, Bamba Pana, hao watu wa singeli wote walikuwepo, wana majina, walijua kazi zao zinakwenda wapi. Huyu wa kwetu huenda yuko Kitunda anakunywa chai, hajui kwamba amekuwa katuni.

Mama Mbagala

Mnaongea kana kwamba kila aliyebonyeza kitufe cha kurekodi alitaka dunia imsikie.

Niwaambie kitu wanangu. Kaseti nyingi za miaka ile hazikuwa za muziki kama mnavyoufikiria ninyi. Zilikuwa barua. Dada kaolewa Tanga, hakuweza kuja kwenye shughuli, anarekodiwa apelekewe. Na shughuli nyingine ni za ndani. Sisi Wazaramo, na si sisi peke yetu, nyimbo anazoimbiwa mwali na kungwi wake si za kusikilizwa na mwanamume, sembuse grupu la WhatsApp. Mtu anafariki, wajukuu wanauza kabati na vilivyomo, boksi linafika Karume. Muuzaji hajui, mnunuzi hajui, ninyi mnasema hazina!

Na huyo mtoa mada amewasifu mabinti wa Marekani akaacha nusu ya habari. Baba yao ndiye aliyetaka bendi, akawatoa shule kwa ajili hiyo. Alipofariki 1975, bendi ikaisha palepale. Ukijua hilo, ule uimbaji unausikia vingine kabisa. Je, kicheko kile ni cha muziki, au ni cha watoto waliolazimishwa?

Mtoto wa Mburahati

Shikamoo mama. Hapo kwenye nyimbo za ndani sibishi. Ila huyu ni mwanamume na sukari yake.

Mama Mbagala

Marahaba. Umeusikia upande wa pili wa hiyo kaseti?

Hakimiliki Tu

Niingie kisheria, kwa ufupi maana naona watu wanapita na hisia.

Kununua kaseti ni kununua plastiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutokuwa na kava hakufuti haki hiyo. Sheria hiyohiyo inalinda pia sanaa za jadi, kwa hiyo hizo ngoma anazosema Mama Mbagala nazo si shamba la bibi, hasa ukitaka kuziingiza kwenye biashara.

Lakini niwe mkweli: sheria hii imetungwa kwa ajili ya mtu atakayekwenda kulalamika. Asiyejua kwamba amerushwa hawezi kulalamika.

Babu wa Ilala

Wajukuu, mmesahau redio.

Kwa miaka mingi studio kubwa ya nchi hii ilikuwa ya Radio Tanzania, pale barabara ya Pugu, ambayo sasa mnaiita Nyerere. Bendi inaingia, inarekodi, kanda inabaki ndani. Wanamuziki walipata umaarufu, na pesa waliitafuta ukumbini. Na si kila kitu kilipita. Mwanamuziki Remmy Ongala aliimba kuhusu kondomu wakati ukimwi unaua watu, redio ikakataa kuupiga wimbo huo. Mtu mkubwa namna ile anakataliwa, sasa huyu mwenye kinanda kimoja angeanzia wapi? Mpaka Sheria ya Utangazaji ya 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, usipopita Pugu Road, umebaki na kaseti yako na majirani zako.

Ndiyo maana mimi nasema hizo kaseti za boksi zina thamani kuliko mnavyodhani. Kanda za redio angalau zina rafu, na kuna watu wamepigania zihamishiwe kwenye kompyuta. Za mitaani hazina rafu.

Ila kuna jambo lingine linanikera. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita kusini na fonografu, akarekodi nyimbo kwenye silinda za nta, zikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1950 akaja Hugh Tracey na mitambo yake kutoka Afrika Kusini, akarekodi hadi Dar. Kazi zake ziko kwenye ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika, chuo kikuu cha Rhodes. Huyu wa pili unaweza kumlaumu kwa mengi, lakini aliandika: nani anaimba, wapi, chombo gani, kabila gani. Sasa kijana wa leo mwenye simu mfukoni ameshindwa hata kumuuliza muuza mitumba boksi limetoka nyumba gani? Mkoloni amemshinda kwa daftari!

Kinanda Kibovu

Babu kamaliza.

Mbishi wa Kinondoni

Hajamaliza. Mnapenda sana kumtafuta mwenyewe, na pesa je? Akipatikana mtampa nini, shukrani?

Angalieni Ghana. Kuna jamaa anaitwa Ata Kak, alitoa kaseti ya kurapu juu ya vinanda mwaka 1994, ikatoka kopi hamsini hivi, haikwenda popote. Mmarekani Brian Shimkovitz akainunua Cape Coast 2002, mwaka 2006 akairusha mtandaoni bila kumwomba mtu, kwa sababu hakujua pa kumpata. Maelfu wakaipenda. Akahangaika miaka kumtafuta, akampata, akaitoa rasmi 2015, na utaratibu wa kampuni yake ni kugawana faida nusu kwa nusu. Baadaye Ata Kak akaenda kupiga Ulaya na bendi.

Haya, mtoa mada. Kwa kanuni yako ya sekunde thelathini, yule Mghana angejulikana? Watu waliipenda kaseti nzima. Kipande kingepita kama matangazo ya dawa ya mbu.

Mtoa mada

Hoja nzito, sitaikwepa. Lakini tazama kilichoifanya ile ya Ghana iishe vizuri. Kaseti ilikuwa na jina juu yake, aliyeirusha hakuirusha ili achekwe, na hakuacha kutafuta. Ondoa lolote kati ya hayo unabaki na huyu wetu wa sukari. Na kumbuka, kati ya 2006 na 2015 ni miaka tisa watu wanasikiliza bure na mwenyewe hana senti. Huyo ni mmoja aliyepatikana. Wasiopatikana hatuwezi kuwahesabu, kwa hiyo tunasimulia habari ya aliyepatikana tu.

Halafu tofautisheni kurusha na namna ya kurusha. Ukiandika “cheki huyu mwehu”, umeshawaambia watu waisikie vipi. Ukiandika “kaseti ya Karume, mwimbaji hajulikani, kinanda na sauti, tunamtafuta”, watu walewale watasikiliza tofauti. Muziki huu mgeni unahitaji mtu wa kuupokea mlangoni. Mimi mwenyewe kama ningeletewa na video ya nyani anayecheza juu yake, nisingeona ule mpangilio wa ubeti.

Mbishi wa Kinondoni

Kwa hiyo kurusha ruhusa, mradi kwa adabu. Umehama.

Mtoa mada

Sijahama. Nzima isirushwe. Kipande kirushwe kwa adabu.

Mtoto wa Mburahati

Na akipatikana akasema hataki? Ishasambaa magrupu yote, mtaingia kwenye simu za watu mfute?

Mama Mbagala

Atasema hataki mbele ya mkewe, halafu usiku atakuomba umtumie aisikilize. Nawajua wanaume wa umri huo. Lakini aulizwe, na asiulizwe kwa kurekodiwa video usoni. Na kaseti zilizobaki kwenye boksi asikilize kwanza mwanamke mtu mzima. Akisikia za ndani, aziweke kando na zisinakiliwe.

Hakimiliki Tu

Hapo kwenye kutonakiliwa fundi atakataa.

Fundi wa Buguruni

Sikatai. Za kina mama wazichukue kina mama, nitawafundisha kusafisha hedi kwa spiriti na pamba, wanakili wenyewe, wakae nazo. Mimi shida yangu ni ukungu, sina haja ya kusikiliza.

Ila tuache nadharia. Huyo kijana aliyenunua boksi, kama yumo humu au kuna anayemjua, asiicheze tena hiyo kaseti. Kila akiicheza anakwangua kidogo. Ailete na boksi lote, simtozi. Kwanza kaseti nyingine za boksi hilo huenda zina mwandiko, na mwandiko una mtu. Pili, watu wa zamani hawakununua kaseti mpya kurekodi upuuzi wao, walirekodi juu ya nyingine. Mara nyingi mwishoni, wimbo ukikatika, inatokea iliyokuwepo mwanzo: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira. Ukisikia salamu za mgonjwa na mtaa wake, umeshapata miaka na umeshapata kata. Tatu, hilo jina la shemeji nimelisikia kwenye kile kipande cha grupu na sidhani kama ni Mzaramo. Mtu wa Kilwa au Rufiji asikilize atuambie.

Na aje na jibu la Mama Mbagala: upande B kuna nini?