Mwani aina ya kotonii unataka maji ya kina, na huko nje kuna wavuvi. Tugawane vipi?

Binti Mwani (Paje):
Asalaam aleikum wanajamvi. Nalima mwani, nimeurithi kwa mama, aliyeanza wakati kilimo hiki kilipoingia huku Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989. Siku hizi kaskazi ikishika, maji yakipwa mchana, upande wa ndani wa mwamba ukitia mguu ni kama maji ya kumkanda mzazi. Kotonii ndiyo yenye bei, lakini haihimili. Tawi linaanza kuwa jeupe pale tulipofunga taitai, yaani vile vikamba vya kufungia mbegu, ukiligusa linakatika. Tumebaki na spinosumu, aina nyingine ya mwani, inayovumilia joto ila haina pesa.

Kikundi chetu tunataka kuipeleka kotonii karibu na mlango wa mwamba, kwenye maboya. Wavuvi wanasema pale ni pao. Waliofanya hivi mlielewana vipi? Na wengi wetu hatujui kuogelea.

Nahodha wa Ngalawa:
Waaleikum salaam dada. Mimi mvuvi, nitasema upande wetu. Changu tuliokuwa tukiwapata ndani, sasa tunawafuata nje. Yaani joto linawatoa nyinyi na sisi pia, na sote tunakimbilia kipande kilekile. Kamba isiyo na alama usiku inatukamata usukani, na dema, mtego wetu wa samaki, likinasa hapo limepotea. Msipeleke hata boya moja kabla ya kukaa na kamati ya wavuvi ya shehia. Njia ya vyombo iachwe wazi, ijulikane na kila mtu.

Mtaalamu wa Pwani:
Bibie, ule weupe ni maradhi: mwani ukishadhoofishwa na joto, bakteria wanaushambulia. Mtafiti wa mwani, Dkt. Flower Msuya, amefanya kazi na wakulima wa Zanzibar kwa miaka mingi kuhusu kupanda kwenye kina, mbegu zikitiwa ndani ya nyavu za mirija badala ya kufungwa mojamoja, ili mawimbi yasizikate. Nanga zitieni mchangani, kamwe si juu ya matumbawe.

Kuhusu mgawanyo, kumpa mkulima au mvuvi eneo la kudumu kutaleta ugomvi, kwa sababu bahari yenyewe inabadilika. Pendekezeni mgawanyo wa misimu: kaskazi mpewe ukanda wa nje, kusi ikivuma mrudi ndani, maji yakiwa yamepoa, na wavuvi wapate nafasi yao. Kila mwaka kamati ikae iangalie upya. Suala la kuogelea msilipuuze. Dai la kwanza kikaoni liwe chombo na majaketi ya kujiokolea, la bei lifuate.

Binti Mwani (Paje):
Ahsanteni sana. Hili la misimu nitalifikisha kwa sheha.

Nahodha wa Ngalawa:
Mwombe kikao kiwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Bamvua, maji yakipwa mbali, nyote mko shambani, mtaamuliwa na wanaume peke yao.