Gerashchenko aliiua ruble, au aliikuta imeshakufa?

Kipanga wa Magomeni: Wadau, kwema? Kila nikisoma habari za Urusi ya 1992 nakuta lawama zote kwa Viktor Gerashchenko, gavana wa benki kuu. Mchumi wa Marekani Jeffrey Sachs alimwita gavana mbovu kuliko wote duniani. Lakini jamaa aliingia Julai, bei zimeshaachiwa huru tangu 2 Januari, viwanda vinadaiana hadi shingoni, mishahara haitoki. Akafungulia mikopo, na mwaka ule bei zikapanda takriban 2,500%. Benki yenyewe ilikuwa chini ya bunge, si chini ya rais Yeltsin. Wa kulaumiwa ni gavana au waliomtuma?

Nondo: Hawakumshika mkono. Estonia walikuwa na ruble hiyohiyo na shida hizohizo. 20 Juni 1992 wakatoa kroon yao, 8 kwa maki moja ya Ujerumani, kila mtu akabadilishiwa ruble 1,500 basi. Wakaweka bodi ya sarafu: huna maki ghalani, huchapi kroon. Serikali ikija kukopa inakuta mlango umefungwa. Mjadala umeisha.

Mkamba Halisi: Umeisha kwa amri ya nani? Estonia ilikuwa na watu milioni moja na nusu, hiyo ni kaunti. Urusi ilikuwa na watu milioni 148 na viwanda vya vifaru kila mkoa. Halafu hiyo bodi unayoipamba ndiyo mkoloni alitufunga nayo 1919, East African Currency Board, ofisi London. Kwao Uingereza walijiwekea?

Binti Chake: Kaka Mkamba, sisi tuliwekewa, Waestonia walijiwekea. Na wao pia walitawaliwa, tena na hiyo Moscow. Bulgaria nao waliifuata 1 Julai 1997, baada ya bei kupanda zaidi ya 200% ndani ya Februari pekee na serikali ya waziri mkuu Videnov kung'olewa na maandamano. Wamekaa na mfumo huo mpaka wameingia yuro Januari 2026.

Mkamba Halisi: Dada, mbona unaruka swali? Ikiwa ni tamu hivyo, kwa nini Nyerere, Kenyatta na Obote wote waliikimbia 1966, kila mtu na benki kuu yake?

Nondo: Ili wachape. Na nyinyi Wakenya mnaoipenda benki kuu yenu, 2019 si iliwafutia noti ya elfu moja mkabaki mnakimbizana?

Mkamba Halisi: Tulipewa miezi minne, 1 Juni hadi 1 Oktoba! Huyo Gerashchenko wenu alitoa siku ngapi?

Mzee wa Lumumba: Vijana, mimi nilikuwa nasoma Moscow. Tangazo lilitoka Jumamosi, 24 Julai 1993: noti zote za kabla ya mwaka ule zisipokelewe kuanzia Jumatatu, mtu abadilishe ruble 35,000 tu. Hizo zilikuwa kama dola 35. Bibi mwenye nyumba wetu alishusha kopo la chai, akazimwaga mezani noti zenye sura ya Lenin, akaanza kuhesabu huku anatukana. Nilijua matusi mapya ya Kirusi siku ile. Waziri wa fedha, Fyodorov, alikuwa Marekani. Yeltsin akapandisha kiwango hadi 100,000 na kuongeza muda, lakini bibi alishapanga foleni alfajiri.

Nondo: Shikamoo mzee. Umenisaidia: huyo ndiye gavana wanayemtetea.

Kipanga wa Magomeni: Hakuna aliyemtetea, nimeuliza. Ila wazeni: mwanzoni mwa 1992 benki kuu 15 za nchi zilizokuwa Usovieti zilikuwa zinatoa mikopo ya ruble, noti zinachapwa Urusi tu. Anayekopesha sana ananufaika, bei zinawapandia wote. Sasa na sisi Jumuiya ya Afrika Mashariki tumesaini itifaki ya sarafu moja Kampala 2013, lengo lilikuwa 2024, limesogezwa 2031. Mashine itakaa wapi?

Mkamba Halisi: Nairobi, wapi tena?

Nondo: Haya, yameanza.

Binti Chake: Kabla ya mashine, wekeni sheria. Poland waliandika kwenye katiba ya 1997, ibara ya 220, kwamba nakisi ya bajeti haizibwi kwa deni la benki kuu.

Mkamba Halisi: Poland mpaka leo wana zloty yao, yuro hawajaigusa. Jiulize kwa nini. Na mashine ni Nairobi.

Nondo: Arusha. Makao makuu ya jumuiya yako Arusha, kama hujui sema.