Dizeli ya mashua inazunguka lakini haishiki

Mdau_SouthB
Wakuu, niko Nairobi na mashua ya tanga iko Kilifi. Injini ni Yanmar ya silinda mbili, haina plagi za kupasha moto, na haijawashwa tangu masika. Kijana anayeiangalia amebadilisha filta ya dizeli. Sasa stata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki, na moshi hautoki kabisa. Nashuka na treni Ijumaa. Ninunue nini huku mjini na nianzie wapi? Wengine wananiambia ni betri.

FundiPampu
Si betri. Betri dhaifu utaisikia, stata inavuta kwa shida. Ukitaka uhakika ipime: volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata ikizungusha isishuke chini ya 10. Hapo kinachosema ni moshi. Dizeli ingekuwa inafika kwenye silinda bila kuungua, ungeona moshi mweupe. Hamna kitu, basi haifiki. Filta ilifunguliwa, mfumo ukashika upepo.

Kabla ya spana yoyote, hakikisha waya wa kuzimia umerudishwa ndani. Ukiwa umevutwa, pampu haitoi dizeli hata uzungushe hadi kesho.

Kutoa upepo: anza na filta yenye kikombe cha kunasa maji. Fungua chini, kinga na chupa, acha maji na uchafu vitoke hadi dizeli iwe safi. Halafu legeza skrubu iliyo juu ya filta ya pili, ile ya kwenye injini, upige pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, ukaze. Pampu ikiwa nyepesi mkononi, kemu (nundu ya ndani ya injini inayoisukuma pampu) imesimama pabaya. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwa presha. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote mbili (zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), gia iwe huru, mkono wa mafuta uwe nusu, zungusha stata. Dizeli ikianza kuruka kwa mdundo, kaza. Mikono iwe mbali: presha ya hapo inapita baa 150 na inatoboa ngozi. Ikikuingia ni hospitali, si plasta.

Jahazi_Mtwapa
Fundi yuko sawa, ila ameongea kama mtu wa matatu. Kwa mashua, funga vali ya maji ya bahari (yanayopoza injini) kabla ya kuzungusha stata muda mrefu. Stata ikizunguka, pampu ya maji nayo inavuta, na injini ambayo haijashika haina moshi wa kuyasukuma nje. Maji yanajaa sailensa, yanarudi kupitia ekzosi hadi kwenye silinda. Maji hayabanwi, kwa hiyo konrodi (mkono wa pistoni) inaweza kupinda.

Injini ikishika tu, fungua vali mara moja, maana impela (feni ya ndani ya pampu ya maji) ni mpira na inalainishwa na maji hayo hayo. Ufunguo wa kuwashia utundike kwenye mkono wa vali, hutasahau.

Stata sekunde 10, kisha ipumzike angalau dakika moja.

Mdau_SouthB
Kijana amezungusha sana jana. Vali ilikuwa wazi.

Jahazi_Mtwapa
Basi asiguse ufunguo tena. Afungue plagi ya chini ya sailensa, amwage maji. Kisha mtoe nozeli na mzungushe krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana, taratibu. Maji yakiwemo yatatokea hapo. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote, weka mpya, washa dakika chache, mwaga tena.

FundiPampu
Kwa hilo ongeza oili kwenye manunuzi: 15W-40, lita 5. Kirinyaga Road utapata filta zote mbili (kijana akutumie picha ya zamani kama sampuli), mpira wa dizeli na klipu zake, na washa (ringi bapa za kuzibia) za shaba za skrubu na za nozeli. Washa za zamani usizirudishe, ndizo zinazovuta hewa halafu injini inazima baada ya dakika tano na unaanza upya. Nati za mabomba ya nozeli kwa kawaida ni spana ya 17. Etha ya kupuliza usikubali kuuziwa: inalipuka kabla pistoni haijafika juu, inavunja ringi.

Jahazi_Mtwapa
Na ikishanguruma, chungulia nyuma kama maji yanatoka na ekzosi. Swichi ya betri msiizime injini ikiwa inazunguka, daiodi za alternata (inayochaji betri) zitaungua.