Nafasi ya utafiti wa sayari za nje: nitume mfano gani wa uchambuzi?

Nyota_ya_Kasarani: Habari wanajukwaa. Kuna chuo Ulaya kinatafuta mwanafunzi wa uzamifu wa kuchunguza sayari zinazozunguka nyota nyingine, pamoja na nyota zenyewe. Wanataka mfano wa uchambuzi wa data, kurasa mbili. Uzamili wa fizikia ninao, Python naifahamu, darubini sina, na bando ni la kuhesabu. Data ya TESS, darubini ya NASA iliyo angani, itatosha? Nilifikiria nitumie sayari ya Buru, maana Kenya ndiyo iliyoipa jina.

Fundi_wa_Spektra: Buru iache, ndugu. Jina hilo la Kidholuo ni zuri (nyota yake, HD 83443, inaitwa Kalausi tangu 2019), lakini sayari hiyo iligunduliwa kwa kupima kuyumba kwa nyota, si kwa kupita mbele yake. Utatazama grafu ya TESS mpaka macho yaume na hutaona kitu.

Chukua WASP-18 b. Inazunguka nyota yake kwa siku 0.94 tu, na TESS hutazama eneo moja la anga kwa siku 27 hivi, kwa hiyo sekta moja (kipindi kimoja cha kutazama) inakupa mipito zaidi ya 20, yaani mara ambazo sayari inapita mbele ya nyota na kuufifisha mwanga wake. Usipakue picha za anga nzima, zitakumalizia bando. Pakua faili ya mwanga ya kila dakika 2 kutoka MAST, hifadhi ya data ya darubini za angani. Ni takriban megabaiti 2. Fungua kwa Lightkurve (maktaba ya Python), tafuta kipindi kwa BLS, njia ya kusaka mashimo ya mwanga yanayojirudia, kisha kunja data yote juu ya kipindi hicho, mipito ilaliane.

Wakati wa mpito mwanga unashuka karibu asilimia 0.95. Kipeuo cha pili cha 0.0095 ni 0.097: huo ndio uwiano wa nusukipenyo cha sayari kwa cha nyota. Ukichukua nyota yenye nusukipenyo mara 1.25 ya Jua, sayari inatoka karibu mara 1.19 ya Mshtarii.

Nyota_ya_Kasarani: Asante. Nimejaribu. Kipindi kimetoka sawa, ila shimo la mpito ni la kina kidogo kuliko ulivyosema, na pembeni mwake kuna vibega viwili vinavyopanda juu ya 1, yaani mwanga wa kawaida. Nimetumia flatten, amri ya Lightkurve ya kunyoosha mawimbi ya nyota, bila kubadilisha chochote.

Fundi_wa_Spektra: Hapo ndipo penyewe. Dirisha la flatten (idadi ya nukta inazonyoosha kwa pamoja) lisipoguswa ni nukta 101. Kwa data ya dakika 2 hizo ni saa 3 na dakika 22, na mpito wenyewe unachukua zaidi ya saa 2. Programu imeudhania mpito kuwa mawimbi ya nyota, ikaupiga pasi. Vibega ndiyo alama yake. Funika kwanza nukta za mpito kwa kipindi ulichokipata, upanue dirisha hadi 401 (namba iwe witiri), ndipo unyooshe. Kwenye kuondoa nukta potovu, kata za juu tu. Ukikata na za chini unaweza kung'oa sakafu ya mpito.

Jingine: kwenye faili kuna safu mbili za mwanga: PDCSAP imeshasahihishwa mwanga wa nyota jirani, SAP (mwanga ghafi) bado. Ukisahihisha PDCSAP tena kwa CROWDSAP (sehemu ya mwanga iliyo ya nyota yako mwenyewe), sayari inanenepa bure. Na muda ulio kwenye faili ni BJD (hesabu ya siku kwa kitovu cha mfumo wa Jua) kutoa 2457000. Ukiuchanganya na JD ya kawaida, inayohesabiwa kwa Dunia, unaweza kukosea mpaka dakika 8 na zaidi.

Mama_Falaki: Hayo ya Fundi ni sahihi, lakini kila mwombaji ataleta mpito. Tangazo linataja nyota, na hapo wengi hunakili namba kwenye jedwali na kupita. Hiyo 1.25 ya Fundi, mwanangu, imetoka wapi? Ukurasa wa pili uwe wa nyota. Chukua umbali kutoka Gaia DR3 (orodha ya nyota ya chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia), mng'ao, na halijoto, ukokotoe nusukipenyo mwenyewe. Halijoto ikikosewa Kelvini 100 kati ya 6400, nusukipenyo kinayumba asilimia 3, na sayari inayumba nacho vilevile, hata mpito uwe umepimwa kwa usafi gani. Onyesha hesabu hiyo.

Kisha tazama RUWE kwenye Gaia, namba inayoonyesha kama nyota inakwenda kama nyota moja peke yake. Ikizidi 1.4, shuku nyota pacha. Pikseli ya TESS ina upana wa sekunde 21 za tao, majirani wengi wanajificha humo. Pacha asiyejulikana, mwenye mwanga sawa, hukata kina cha mpito nusu, na sayari inaonekana na asilimia 71 tu ya ukubwa wake. Linganisha pia mipito ya witiri na ya shufwa: vina vya mashimo vikitofautiana, pengine ni nyota mbili zinazofunikana. Swali la mahojiano ambalo halikosekani ni hilo: umejuaje kwamba ni sayari?

Nyota_ya_Kasarani: Shukrani, mama. Mwisho wa maombi ni 23:59 saa za huko. Nikituma usiku huo huo kuna shida?

Mama_Falaki: Kwa saa za Ulaya ya kati, hapa Nairobi ni saa saba kasoro dakika moja usiku majira ya joto, saa nane kasoro dakika moja majira ya baridi. Ila usingoje. Mifumo mingine huwatumia wadhamini, yaani wahadhiri wanaokupendekeza, kiungo cha kuweka barua zao baada ya wewe kubonyeza kutuma, na mhadhiri hataamka usiku huo kukuandikia. Waambie sasa, uwape angalau wiki 4, na uwatumie kurasa zako mbili wazisome.